Usimwongezee mama kidonge, mnawishe kwanza

Mkuu, weka hicho kidonge chini. Umeandika mama kapima sukari ya damu asubuhi kabla ya kula akapata 6.1, jioni katoka kuwamenyea wageni maembe, hajaonja hata kipande, akapata 14.8. Sasa unauliza umwongezee kiasi gani cha glibenklamidi, kile kidonge chake cha kushusha sukari. Usiongeze hata nusu!

Hiyo 14.8 ni ya embe. Stripu, kile kijikaratasi cha kupimia, hunyonya tone dogo mno, kama mikrolita moja au pungufu. Kwa mtu mwenye sukari ya 5.5, mikrolita moja ya damu ina glukosi kama sehemu moja ya milioni ya gramu. Utando wa juisi usiouona kwa macho ukigusa tone hilo, namba inaruka mara mbili au zaidi. Mashine haitofautishi damu na dodo.

Na spiriti haitoshi. Hapo ndipo nilipoingizwa mjini na muuza dawa mmoja, "futa na pamba tu, mzee, umemaliza." Umemaliza nini? Pamba yenye spiriti haiondoi sukari yote kidoleni. Nilikuwa nimemenya chungwa, namba ikapanda, nikameza dozi ya kutibu chungwa, msinicheke.

Glibenklamidi hailijui embe. Inakamua insulini kutoka kwenye kongosho hata kama sukari iko sawa, na kazi yake huchukua saa nyingi, hivyo sukari inaweza kushuka usiku watu wamelala. Sukari ikishuka chini ya 3.9, tarajia jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kupishana. Mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, rudia ikiwa bado iko chini, kisha mpeleke hospitali maana dawa hii huishusha tena. Akizimia usimwagie kitu mdomoni, kimbiza.

Kupima ni hivi: maji na sabuni, suuza, kausha kabisa kwa kitambaa safi. Kidole chenye maji huzimua damu. Dunga ubavuni mwa ncha ya kidole, usikikamue kama unakamua ndimu. Huna maji? Futa tone la kwanza, pima la pili.

Hiyo 6.1 ya asubuhi mbona nzuri kwa aliye kwenye dawa; wengi hulengwa 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili tangu tonge la kwanza (la kwanza, si la mwisho). Wazee daktari huwalegezea kidogo. Tena hata mashine nzuri inaruhusiwa kukosea asilimia 15, kwa hiyo usigombane na 6.1 na 6.7.

Ameshanawa? Mpime sasa hivi, uweke namba hapa.