Mtumbwi Haupiti Juu ya Maporomoko

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli huku Wete, Pemba. Mwanafunzi wangu ameandika hadithi ya safari ya mtoni, na ndani yake mna sentensi hii: "Mtumbwi ulipita juu ya maporomoko kwa kasi, na Salma akatabasamu." Mbele kidogo anasema: "Mapenzi yao yalikuwa maporomoko yasiyosimama." Mwenzangu anamtetea, anasema neno limo kwenye kamusi. Je, pale mto unapokwenda mbio baina ya mawe panaitwa maporomoko? Na umoja wake ni poromoko?

JIBU: Waalaykum salaam, mwalimu wangu. Hapana, si maporomoko, na nashukuru umeuliza, maana neno hili limenikera miaka mingi.

Asili yake haina fumbo. Ni kitenzi poromoka, kuanguka kutoka juu kwa wingi na kwa kishindo. Disemba 2020, upande mmoja wa jumba la kale la Beit al Ajaib ulipoanguka pale Forodhani, Unguja, mji mzima ulisema "umeporomoka," na hakuna aliyehitaji kamusi. Kilichoporomoka kimeachana na kilichokuwa kikikishikilia.

Sasa turudi kwa Salma. Mtumbwi wake umepita juu ya maporomoko. Maana yake umefika ukingoni, maji yameishiwa na ardhi chini yake, na kila kilichomo kimekwenda chini: watu, upondo, mizigo. Salma anatabasamu nini? Akiwa yuko kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, maji yanadondoka zaidi ya mita 200 moja kwa moja. Hapo hadithi imekwisha, na mwandishi hana budi kutafuta mhusika mwengine. Lakini ukurasa unaofuata Salma yuko ng'ambo anakausha kanga. Mwanafunzi wako alichokiona akilini ni kitu chengine kabisa: mto umebanwa, umepata mteremko mdogo, miamba imetokeza vichwa, maji yanatoa povu na kuzunguka, na mwenye upondo anatafuta pa kupenya. Pale pana hatari, na pana nafasi ya kupona pia. Hadithi yote imo katika nafasi hiyo. Akipaita maporomoko ameifuta.

Ndiyo maana waandishi wa dunia wakapapenda mahali hapa. Mto unapokwenda mbio baina ya mawe, msomaji hajui nini kiko baada ya kona, wala nahodha hajui. Uamuzi ni wa pumzi moja: kushoto au kulia. Anayejitia ujasiri anajulikana, na mwenye ujuzi anajulikana. Maporomoko hayampi mtu uamuzi wowote akishafika ukingoni.

Utaniambia ramani nazo zimekosea, na ni kweli. Mto Kongo, kutoka Kinshasa mpaka Matadi, una kile wanachokiita Maporomoko ya Livingstone. Ni mwendo wa kilomita 350 hivi, na mto unashuka kiasi cha mita 270 tu. Gawa mwenyewe: haifiki mita moja kwa kila kilomita. Boyoma, juu ya Kisangani, ni vivyo hivyo: ngazi saba katika kilomita 100, na kushuka kwake kote ni mita 60 hivi. Hayo ni maji yanayokwenda mbio juu ya mawe, kwa nguvu ya mto wenye maji mengi kuliko yote Afrika. Kiarabu nacho hakitusaidii, maana shallal ni maji yanayoanguka, na ni hizo sehemu sita za mawe za Mto Nile baina ya Aswan na Khartoum pia. Majina ya ramani nimeshayasamehe. Jina la mahali likishazoeleka, liache.

Lakini mwandishi wa Kizanzibari simsamehei, na sababu ninayo. Mwaka 1877 watu waliotoka hapa Unguja na msafara wa Stanley, mvumbuzi aliyeufuata Mto Kongo mpaka baharini, waliyapita hayo maji ya Kongo. Penye mawe wakiivuta mitumbwi nchi kavu kwa kamba, au wakiiteremsha kandokando ya ukingo huku wameishikilia. Kamba ikikatika, au mkondo ukiwashinda, watu walikwenda na mtumbwi. Kalulu, kijana aliyekuwa akimtumikia Stanley, alizama huko Machi mwaka huo. Frank Pocock, Muingereza, alizama Juni. Wengi waliozama walikuwa wapagazi wetu, na waliosalimika walirejeshwa Unguja kabla ya mwaka kwisha. Watu hao wangeshangaa kusikia mtumbwi "ulipita juu ya maporomoko." Wao walijua wapi maji yanaanguka na wapi yanakimbia, kwa sababu uhai wao ulikuwa hapo.

Halafu kuna hayo mapenzi "yasiyosimama." Sikuhizi kila kitu ni maporomoko: maporomoko ya machozi, ya fikra, ya furaha. Mwandishi hakuyaona, msomaji wake wa Micheweni hakuyaona, basi sitiari inamgusa nani? Na sisi tumezungukwa na maji ya kila namna! Panda boti ya Pemba. Ukishauacha mnara wa Nungwi, chombo kinaanza kwenda mrama, mazungumzo yanakatika, wahudumu wanapita na vifuko vya kutapikia, na mama aliyekuwa akicheka na jirani yake anamvuta mtoto kifuani. Huo ni mkondo. Mapenzi yanayomchukua mtu asikotaka, na nchi kavu anaiona, ni mkondo wa Nungwi. Neno tunalo na tumeliachia wanasiasa, "sheria ichukue mkondo wake," mpaka limekwisha ladha.

Mwambie mwanafunzi aandike wazi: "Mto ulibanana, maji yakaanza kwenda mbio juu ya mawe." Au "maji ya mbio," kwa ufupi. Unguja na Pemba hatuna mto wa kuvunja mtumbwi, kwa hiyo maneno mawili matatu ya kueleza si aibu. Mapenzi ayape mkondo. Na mwenzako mwambie kuwa kamusi inalihifadhi neno, haimruhusu mtu kulitia popote.

Kuhusu umoja: poromoko ni sahihi, ngeli ya LI-YA. Poromoko hili, maporomoko haya. Wengi hutumia wingi tu hata kwa moja, na hilo silioni kosa.