Maswali ya Wasomaji: Visiwa vya Ziwa Maggiore kwa boti na mwongozaji wako mwenyewe

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza kuhusu Visiwa vya Borromeo, vilivyo mbele ya mji wa Stresa katika Ziwa Maggiore, kaskazini mwa Italia. Vinavyotembelewa zaidi ni vitatu: Isola Bella yenye kasri na bustani ya matuta, Isola Madre ambayo ni kubwa kuliko vingine na karibu yote ni bustani, na Isola dei Pescatori, kijiji cha wavuvi ambacho mpaka leo kina wakazi wake. Tumechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi.

SWALI: Tuko watu sita, wawili kati yao watoto. Mtandaoni tumekuta "ziara binafsi ya visiwa vitatu" kwa bei tatu zilizoachana mno. Wanauza kitu kimoja, au kuna anayetaka kutulangua? (Mama wa watoto wawili, Mombasa)

JIBU: Mara nyingi hawauzi kitu kimoja. Siku ya visiwa ina malipo manne, kila moja na lake: boti, mwongozaji, viingilio na chakula. Bei ya chini kwa kawaida ni ya boti tu, tena ya kuchangia na abiria wengine. Inawashusha kisiwani, inaondoka, nanyi mnasubiri inayofuata kwa ratiba. Bei ya kati ni boti yenu peke yenu, lakini nahodha hafanyi kazi ya mwongozaji. Atawaonyesha majumba ya ufukweni mkiwa majini, mkifika gatini kazi yake imeishia hapo. Bei ya juu ndiyo yenye boti na mwongozaji, na hata humo viingilio mara nyingi havimo. Isola Bella na Isola Madre ni mali ya ukoo wa Borromeo na zote mbili zina kiingilio; ulizieni tiketi ya pamoja, kwa kuwa kukata mojamoja hugharimu zaidi. Pescatori mnashuka bure.

Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa, pateni majibu haya kwa maandishi. Boti itatusubiri gatini, au itatuacha na kurudi saa tuliyopanga? Muda wa kusubiri unatozwa? Imeruhusiwa kubeba watu wangapi, tukihesabu na watoto? Kuna jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto? Mwongozaji ana leseni? Hili la mwisho si dogo. Italia, kuongoza watalii ni taaluma yenye mtihani na leseni, na sheria ya mwaka 2023 imeiwekea utaratibu mmoja wa taifa zima. Mwenye leseni ana kitambulisho na hatakasirika ukiomba kukiona. Msindikizaji wa kawaida, hata awe mjuzi namna gani, hana ruhusa ya kueleza ndani ya makumbusho. Ndiyo maana kuna wageni wanaojikuta na mwenyeji mchangamfu ndani ya boti ambaye wakiingia kasrini ananyamaza kimya.

Kuna mambo mawili yanayowaharibia watu asubuhi. La kwanza ni mahali pa kukutana. Stresa ina gati la Piazza Marconi katikati ya mji na gati la Carciano upande wa mji jirani wa Baveno, na kati yake ni mwendo wa miguu wa kama robo saa. Taja jina la gati, usiseme "gatini" tu. Pia boti kubwa za umma zinazoitwa battello na zile ndogo za watu binafsi zinazoitwa motoscafo zina vibanda vilivyo jirani, na tiketi ya huku haipokelewi kule. La pili ni saa. Sisi tukisema saa tatu asubuhi, Mwitaliano anahesabu 09:00. Andikeni 09:00 kwenye ujumbe, msiandike "3", na mkumbuke kwamba Italia iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 1 majira ya joto na saa 2 majira ya baridi.

SWALI: Tutafikia Milano na tuna siku moja tu. Visiwa vyote vitatu vinawezekana? Tuanze na kipi? (Msomaji wa Dar es Salaam)

JIBU: Vinawezekana, ila msilale. Treni za mstari wa Domodossola zinasimama Stresa. Za haraka kutoka Milano Centrale huchukua kama saa moja, za mkoa huzidi. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa lazima igongwe muhuri kwenye mashine ya kituoni kabla hujapanda, vinginevyo mkaguzi atakupiga faini hata kama umelipa nauli. Kutoka kituo cha Stresa hadi ziwani ni kama dakika 10 kwa miguu, mteremko.

Mpangilio tunaoupendekeza ni Isola Bella, kisha Madre, kisha Pescatori. Wengi hufanya Bella, Pescatori, Madre, kwa kuwa Bella na Pescatori zimekaribiana. Sababu zetu ni mbili. Ndani ya kasri la Isola Bella njia ni moja, inakwenda mbele tu, chumba baada ya chumba, na baadhi ya milango ni myembamba. Vikundi viwili vya mabasi vikikutangulia, utamsikiliza mwongozaji wao badala ya wako. Basi muwe gatini Stresa nusu saa kabla ya kasri kufunguliwa, kwani kuvuka ni dakika chache tu. Sababu ya pili ni upepo. Siku za jua, upepo wa kusini waitao inverna huamka mchana na kuchafua maji. Madre ndiyo iliyo mbali na ufuko wa Stresa, kwenye maji ya wazi. Ivukeni kabla ziwa halijaanza kucheza. Kutoka Pescatori kurudi Stresa ni safari fupi, hata mawimbi yakiwapo hayasumbui.

Kwa muda, tengeni saa 2 kwa Bella, saa 1 na nusu kwa Madre, na saa 1 na nusu kwa Pescatori pamoja na chakula. Hapo penye chakula ndipo mipango inapovunjika. Jiko la mgahawa wa Italia kwa kawaida hufungwa kama saa nane na nusu mchana na halifunguliwi tena hadi saa moja jioni. Mkichelewa Madre, mtakuta kahawa na aiskrimu tu. Wekeni nafasi ya meza mapema na mumwambie mwongozaji saa yake, yeye ndiye atakayewaharakisha.

Msiharakishwe, hata hivyo, mahali pawili. Chini ya kasri la Isola Bella kuna vyumba sita vilivyojengwa mfano wa mapango, usawa wa maji, vya kukimbilia joto la kiangazi. Kuta, nguzo na dari zimefunikwa kokoto ndogo nyeusi na nyeupe zilizopangwa mojamoja hadi zikafanya maua na mawimbi. Sogea karibu na ukuta uone jinsi kila jiwe lilivyochaguliwa kwa ukubwa wake. Na Isola Madre kuna mti wa saipresi (cypress) wa Kashmir wenye umri wa zaidi ya miaka 150. Juni 2006 kimbunga kiliung'oa na mizizi yake. Wakausimamisha tena na kuufunga kwa kamba za chuma ambazo bado zinaonekana zikiushikilia kutoka pande zote. Majani yake ya rangi ya kijivu na buluu yananing'inia kama pazia. Mwombe mwongozaji aeleze namna walivyoutibu, maana ni kazi ya kustaajabisha.

Angalizo la msimu: kasri na bustani hufungwa majira ya baridi, kwa kawaida kuanzia mapema Novemba hadi katikati ya Machi, na tarehe hubadilika kila mwaka. Aprili na Mei ndiyo miezi ya maua. Katikati ya Agosti Waitaliano wenyewe wako likizo, epukeni kama mnaweza.

SWALI: Assalaam alaykum. Sisi hatuli nyama isiyo halali wala kitu chenye pombe. Huko kisiwani tutakula nini, na sala je? (Msomaji wa Muscat)

JIBU: Wa alaykumu s-salaam. Samaki wa ziwani ndiye chakula cha Pescatori, kwa hiyo hamtalala njaa, lakini hatari iko kwenye mapishi. Minofu ya samaki aitwaye persico hukaangwa kwa siagi na majani ya seji, nayo kwa kawaida haina tatizo. Lavarello, samaki mwingine wa ziwa hilo, akichomwa ni salama zaidi. Wali wa risotto ndio wa kuangalia: mpishi huanza kwa kumimina divai nyeupe sufuriani, kisha huongeza supu ambayo mara nyingi ni ya nyama, na divai ikishaingia haitolewi. Semeni "senza vino", yaani bila divai, wakati wa kuweka nafasi ya meza, si mkishaketi, maana jikoni huwa wameshaandaa. Ulizeni pia kama kuna strutto, ambayo ni mafuta ya nguruwe, na muepuke chochote chenye maneno prosciutto, pancetta au speck, ambazo ni nyama za nguruwe.

Visiwani hakuna msikiti. Majira ya joto adhuhuri huingia kama saa saba na nusu mchana, yaani 13:30, na kibla ni kusini mashariki. Kama boti ni yenu, nahodha anaweza kuwapa robo saa mahali patulivu ufukweni. Mwambieni asubuhi ili aiweke kwenye hesabu yake.

SWALI: Nampeleka mama, ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Yeye anasikia Kiswahili na Kifaransa tu. Ataweza? (Msomaji wa Brussels)

JIBU: Shikamoo kwa mama. Pescatori ataimudu vizuri. Ni kisiwa kidogo, urefu hauzidi mita 400, kina uchochoro mmoja mkuu na kanisa la San Vittore. Isola Bella ina ngazi ndani ya kasri na changarawe nje, na bustani yake imepandishwa kwa matuta 10 hadi ile sanamu ya farasi mwenye pembe moja, nembo ya ukoo. Si lazima apande mpaka juu. Sehemu ya chini ina mkafuri mkubwa wa tangu karne ya 19 na tausi weupe wanaotembea huru, na anaweza kuketi huko wakati ninyi mnapanda. Madre ina ngazi tangu gatini. Kama ni lazima kuacha kimoja, acheni Madre.

Ombeni mwongozaji wa Kifaransa, hao wapo. Msichukue wa Kiingereza kisha umtafsirie mama: kila sentensi itasemwa mara mbili, saa 2 zitakuwa 3, na mama atakuwa amesimama muda wote huo. Kupanda na kushuka botini ndiko kunakohitaji msaada zaidi. Mwambieni nahodha asogeze boti ubavu kwa gati na azime injini kwanza, kisha mtu mmoja atangulie kushuka ampokee mkono.

SWALI: Nafundisha historia. Zaidi ya maua na picha, kuna nini cha kumuuliza mwongozaji pale Isola Bella? (Mwalimu, Nairobi)

JIBU: Lipo jambo linalotuhusu moja kwa moja, na waongozaji wengi hulipita kwa sentensi moja. Kasri lilianza kujengwa 1632 na Carlo III Borromeo, na kisiwa kikapewa jina kwa heshima ya mkewe, Isabella D'Adda. Napoleon alilala humo 1797, na chumba chake huonyeshwa kwa kila mgeni. Lakini simameni kwenye Chumba cha Muziki. Aprili 1935 ndani ya chumba hicho walikutana Mussolini wa Italia, MacDonald wa Uingereza na Laval wa Ufaransa kupanga namna ya kuizuia Ujerumani ya Hitler. Tamko lao lilizungumzia amani ya Ulaya. Habesha, yaani Ethiopia, haikutajwa, ingawa Italia ilikuwa tayari inapeleka majeshi Eritrea na Somalia. Tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo Mussolini aliivamia. Matokeo ya uvamizi huo yalifika hadi kwetu: 1941, katika Vita Kuu ya Pili, askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza Afrika Mashariki, waliondoka Kenya kupigana na Waitaliano Somalia na Habesha, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kambini. Mwandikie mwongozaji wiki moja kabla kwamba unataka dakika 15 za mkutano wa 1935. Mwongozaji wa kikundi hawezi kukupa muda huo. Wako unaweza kumdai, na hapo ndipo fedha ya ziara binafsi inapolipa.

SWALI: Viza ikikataliwa, au siku hiyo ikinyesha, pesa zetu zinarudi? (Wasomaji kadhaa)

JIBU: Viza kwanza. Wenye pasi za Kenya na Tanzania wanahitaji viza ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni euro 90, bima ya safari isipungue euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Ziara ya visiwa haihitajiki kwenye maombi, kwa hiyo lipeni amana tu mpaka viza itoke. Viza hiyohiyo inawafikisha Locarno, upande wa Uswisi wa ziwa hilohilo.

Mvua ya kawaida haizuii boti, kwani nyingi zina paa au turubai. Kinachozuia ni radi na upepo, hasa alasiri za Julai na Agosti, na mafuriko ya vuli ambayo hufunika magati. Uamuzi ni wa nahodha, msibishane naye. Tatizo ni kwamba boti na mwongozaji mara nyingi ni mikataba miwili: boti isipotoka, mwenye boti anarudisha pesa, na mwongozaji aliyefika gatini kwa wakati bado anadai yake. Ulizeni mapema nani anabeba hasara hiyo, na kama mwongozaji atakubali kupanda battello pamoja nanyi. Boti hizo za umma ni kubwa na huendelea kusafiri kwenye upepo ambao boti ndogo haziwezi kuuvumilia.