Mwanafunzi Akikosea Mbele ya Wenzake, Mwalimu Afanye Nini?

SWALI: Ninafundisha hisabati darasa lenye wanafunzi 48 wa umri wa miaka 12 hadi 14. Kila niulizapo swali, mikono inayoinuliwa ni ya wale wale watano. Mwanafunzi akikosea, wenzake huguna na kumcheka, na tangu siku hiyo hasemi tena. Nimebandika ukutani kanuni za kuheshimiana, lakini sijaona mabadiliko yoyote. Nifanye nini ili wote wajisikie huru kujifunza, bila mimi kupoteza udhibiti wa darasa?

JIBU: Mwalimu, ahsante kwa kulieleza tatizo lako waziwazi, kwa sababu maelezo yako yenyewe yanaonyesha mahali pa kuanzia. Kanuni ulizobandika hazina kosa, ila wanafunzi hawaujui usalama wa darasa kwa kusoma karatasi ya ukutani. Wanausoma usoni mwako, katika zile sekunde chache zinazofuata baada ya mwenzao kutoa jibu lisilo sahihi. Jacob Kounin, mtafiti wa Marekani ambaye kazi yake kuhusu uendeshaji wa darasa ilichapishwa mwaka 1970, alionyesha kwamba namna mwalimu anavyomshughulikia mwanafunzi mmoja huwagusa hata wale ambao hawakuhusika kabisa. Kwa hiyo unapomjibu mmoja, wale 47 waliobaki wanajiuliza kimyakimya: nami nikithubutu, yatanipata yapi?

Kujiuliza huko kuna gharama kubwa, hasa katika somo lako. Akili ya binadamu hushika mambo machache tu kwa wakati mmoja inapokokotoa, na mwanafunzi anayewaza atakavyochekwa amekwisha kuijaza nafasi ile ile ambayo ingeshika tarakimu zake. Ndiyo maana utamwona mtoto anayepata swali vizuri akiwa peke yake daftarini akishindwa nalo anapoitwa ubaoni. Ni rahisi kudhani kwamba hakusoma, kumbe alichokosa ni utulivu.

Tuchukue tukio moja tulitazame kwa karibu. Umemwita mwanafunzi ubaoni akokotoe 1/2 + 1/3, naye ameandika 2/5. Walimu wengi, tena wenye nia njema kabisa, hapa husema, "Hapana. Nani amsaidie?" Mikono mitano ile ile inainuka, mmoja anaandika 5/6, na somo linaendelea. Jibu sahihi limepatikana, lakini aliyekosea amerudi kwenye kiti chake bila kujua alipoteleza, na darasa zima limeona kwamba anayekosea huondolewa ubaoni. Mimi ningekushauri umwache pale pale, usimame kando yake badala ya mbele yake, kisha umwambie kwa sauti ya kawaida, "Tueleze umefikaje hapo." Atasema kwamba amejumlisha kiasi kwa kiasi, yaani namba za juu, na asili kwa asili, yaani namba za chini. Sasa liulize darasa, na yeye akiwamo: "Tulianza na nusu, tukaongeza kitu juu yake. Je, 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu?" Wape muda waichore. Watagundua wenyewe kwamba jibu limepungua ilhali walikuwa wakiongeza, na hapo haja ya kutafuta asili ya pamoja itaonekana kabla hujaitaja. Mpe chaki mwanafunzi yule yule amalizie. Nasisitiza kwamba ni yeye, kwa maana picha itakayobaki vichwani mwa wenzake iwe ni ya mtu aliyekosea, akafikiri, akapata.

Zingatia pia kwamba hukumsifia jibu lisilo sahihi. Kuna walimu ambao, kwa kuogopa kumvunja mtoto moyo, husema "vizuri sana" kwa kila kitu, na kwa maoni yangu hilo nalo ni kumtupa mwanafunzi. Watoto wa umri huo hutambua upesi sifa isiyo na kitu ndani yake, na wakishaitambua hawaiamini hata ile ya kweli.

Kuhusu mikono mitano, chunguza unasubiri kwa muda gani baada ya kuuliza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyefuatilia masomo ya sayansi darasani katika miaka ya 1970, alikuta kwamba kwa kawaida walimu husubiri takriban sekunde 1 tu kabla ya kumtaja mtu au kujijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi wengi zaidi walijitokeza, na waliokuwa wakisema "sijui" walipungua. Sekunde 3 za kimya huwa ndefu mno kwa mwalimu aliyesimama mbele ya watu 48, kwa hiyo zihesabu moyoni. Kwa maswali mazito zaidi, waache kwanza waandike jibu daftarini, kisha wanong'onezane na jirani kwa dakika moja, ndipo umwite mmoja kwa jina, awe ameinua mkono au la. Anayesema "sisi tumeona kwamba" huwa na ujasiri asiokuwa nao anayesema "mimi naona".

Kicheko usikiache kipite hata mara moja, lakini usikihubirie pia. Simamisha somo, mtazame aliyecheka, sema sentensi moja: "Katika darasa hili hatumcheki anayejaribu." Kisha rudi mara moja kwa yule aliyekuwa akijibu na umwombe aendelee. Hotuba ya dakika tano kuhusu heshima humfanya aliyechekwa awe mada ya darasa, na hiyo ni aibu ya pili. Anayerudia mwite faraghani baada ya kipindi. Ukimwaibisha mbele ya wenzake utakuwa umelifundisha darasa jambo lile lile unalolikataza.

Hapo ndipo lilipo jibu la hofu yako kuhusu udhibiti. Katika kulinganisha madarasa tulivu na yenye vurugu, Kounin hakukuta tofauti kubwa katika namna walimu walivyokemea makosa yaliyokwisha kutendeka. Tofauti ilikuwa kwamba walimu wa madarasa tulivu waliona kila pembe, wanafunzi wakajua kwamba wanaonwa, na somo lilikwenda bila kukatika ovyo. Kwa hiyo zunguka katikati ya madawati, na chaki na vifaa viwe tayari kabla ya kipindi kuanza.

Neno moja kuhusu usahihishaji wa madaftari. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti ambamo wanafunzi waliopewa maoni ya maandishi peke yake waliendelea vizuri katika kazi iliyofuata kuliko waliopewa alama, na hata kuliko waliopewa alama pamoja na maoni. Mtoto akiona 3/10 hutazama daftari la jirani, na maneno uliyoyaandika chini yake hayasomwi. Si lazima ufute alama zote, lakini kazi za mazoezi ya kila siku zinaweza kurudi na sentensi moja tu inayotaja hatua iliyopotea.

Mwisho, chukua orodha ya majina na kwa wiki mbili weka alama mbele ya kila aliyesema jambo la kimasomo darasani. Majina yasiyo na alama ndiyo ya kuanza nayo wiki ya tatu. Pitia dawatini kwa mmojawapo wakati wengine wanaandika, tafuta hatua aliyoipata sawasawa, na umnong'oneze: "Hii uliyoifanya hapa nitakuomba utueleze baadaye." Akikataa, usimlazimishe siku hiyo. Mrudie keshokutwa na hatua nyingine.