Aliyeripoti wizi chuoni ana ulinzi

Umeuliza kama chuo cha umma kinaweza kumfukuza mhasibu aliyeripoti wizi wa fedha za ada. Hapana mkuu, hakiruhusiwi kumfukuza kwa sababu hiyo tu. Tanzania ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Ila inamlinda aliyepeleka taarifa kwa mamlaka husika, kwa nia njema na akiamini ni kweli. Kuimwaga kwenye grupu la WhatsApp ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo watu wema wanaumia bure. Mhasibu apige TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, namba 113, hakuna malipo. Hata mwanafunzi anayeombwa rushwa ya ngono na mhadhiri apige hapo hapo. Kuomba rushwa hiyo ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007.