Mbunge akijiuzulu, nani anachukua kiti?

Ndugu, umeuliza kama mbunge akijiuzulu, mshindi wa pili ndiye anayerithi kiti. Kwa kiti cha jimbo, kwa kawaida hapana. Kiti hutangazwa kuwa wazi, unaitishwa uchaguzi mdogo, na huyo wa pili akikitaka aombe kura upya kama wengine. Labda unachanganya na mfumo wa orodha ya chama, ambako watu hupigia kura chama na viti vyake hujazwa kwa kufuata orodha ya majina yake. Huko jina linalofuata huingia bila kura kupigwa.

Marekani wamechanganya: kiti cha Baraza la Wawakilishi lazima kipigiwe kura, lakini cha Seneti, tangu marekebisho ya katiba ya 1913, gavana anaweza kuteua mtu wa muda, sheria ya jimbo lake (state) ikiruhusu.

Kabla hamjabishana zaidi, angalieni katiba yenu inasemaje kuhusu muda. Uchaguzi mkuu ukiwa umekaribia, mara nyingi kiti huachwa wazi tu.