Kuishi Lindi mjini, kazi Kitunda

Unauliza kama unaweza kuishi Lindi mjini na kufanya kazi Kitunda? Inawezekana kabisa, ndugu yangu, mimi nilivuka hivyo miaka miwili. Kitunda unaiona ng'ambo ya ghuba, na kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu. Kinachokula muda ni kusubiri. Ukikosa kivuko cha asubuhi umeshachelewa, maana kuzunguka kwa barabara ni mbali mno. Kwa hiyo hesabu saa nzima toka mlangoni kwako, pamoja na bodaboda ya ng'ambo. Viatu vya kazi tia kwenye mfuko, uvuke na kandambili. Maji yakipwa kuna tope. Miezi ya upepo wa kusi, Juni hadi Agosti, toka mapema zaidi, bahari inachafuka. Kama una mtoto mchanga, nakusihi upange kulekule Kitunda.