Waulize kuhusu usiku ule mfumo ulipogoma

Kila mwaka vyuo vikifunga, vijana wanaotaka kuingia kampuni za teknolojia hapa Dar es Salaam hunitumia ujumbe. Wanaandika kwa furaha. "Dada, wananipa laptop mpya, chakula cha mchana, bima, na Ijumaa jioni tunacheza gemu ofisini. Nisaini?" Furaha hiyo naijua, niliwahi kuwa nayo. Kabla ya kuzungumzia mshahara huwa nawauliza kama kwenye usaili walisikia lolote kuhusu siku mfumo wa kampuni ulipogoma: nani alipigiwa simu, alisemeshwa vipi, na kesho yake ofisini ilikuwaje. Wengi hawakuuliza. Hata mimi sikuuliza.

Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa Mikocheni. Tulitengeneza mfumo uliowaunganisha mawakala wa pesa za simu, wale wa vibanda vya Mbagala, Tandika na Kimara, na kampuni za simu. Siku ya kwanza niliambiwa hapa sisi ni familia, na nilipokewa hivyo kweli. Nilipofiwa na bibi, ofisi ilichanga na watu wakaja msibani. Jambo hilo silidharau hata leo. Ila sikujua kwamba watu walewale waliokuja kunizikia bibi wangeweza kukaa kimya wote siku nitakapokosea.

Tarehe 15 Julai 2021 tozo za serikali kwenye miamala ya simu zilianza. Kila aliyegusa pesa za simu alilazimika kubadilisha hesabu za makato, na sisi tulipewa siku chache tu. Kazi nikakabidhiwa mimi na kijana mwenzangu. Hatukuwa na mfumo wa majaribio unaofanana na ule wanaoutumia wateja, kwa hiyo tulijaribu kwa laini zetu wenyewe, miamala kumi hivi, elfu moja moja. Saa sita usiku tukawasha.

Ndani ya mfumo kulikuwa na kosa la siku nyingi. Kampuni ya simu ikichelewa kujibu, mfumo wetu ulidhani muamala umekwama, ukautuma upya. Siku za kawaida majibu yalikuja haraka, kosa likabaki limejificha. Usiku ule majibu yakasuasua, na pesa zikaanza kutoka mara mbili. Dawa ya kosa hilo kila mtu wa fani hii anaijua: muamala upewe namba yake ya kumbukumbu, na namba ileile ikija mara ya pili, mfumo uikatae. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeliandika kwenye orodha ya kazi miezi minne kabla. Kila Jumatatu lilisogezwa mbele kupisha kitu ambacho mteja angekiona kwenye skrini.

Saa nane usiku meneja akaandika kwenye grupu la WhatsApp la ofisi nzima, watu zaidi ya thelathini, wahasibu na madereva wakiwemo: "Nani kagusa sistimu?" Hakuuliza ni kiasi gani kimetoka. Hakuuliza kama tumeshazima. Nikajibu kwamba ni mimi. Asubuhi kwenye kikao nikasimamishwa nieleze mbele ya wote, huku nikikatizwa kila sentensi ya pili. Ile orodha ya kazi niliyoiandika miezi minne kabla hakuna aliyeifungua. Mwisho wa mwezi nikakuta mshahara umekatwa karibu nusu. Barua hakuna. Nikanyamaza, kwa aibu, na pia kwa sababu niliamini kwamba kampuni ikipata hasara aliyekosea ndiye anayelipa.

Hapa soma taratibu, kwa sababu ningelijua hili mapema nisingelala njaa mwezi ule. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukukata mshahara kwa hasara kama anavyojisikia. Lazima uwe umekubali kwa maandishi. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, na akueleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi chake na jinsi alivyokikokotoa. Akupe nafasi ya kupinga. Na hata ukikubali yote hayo, makato hayo hayaruhusiwi kuzidi robo ya mshahara wako. Ukiachishwa kazi na unaona hukutendewa haki, lalamiko linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Zihesabu siku hizo tangu ulipoachishwa, usizimalize ukisubiri afisa rasilimali watu akupigie. Na kama hujatimiza miezi sita kazini, ujue kwamba kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali bado haijakufikia. Ndiyo maana miezi ile ya mwanzo inahitaji macho zaidi.

Lakini makato hayo nayaona madogo nikiyalinganisha na yaliyofuata. Baada ya kikao kile watu walianza kuficha. Kijana wa seva aliona nafasi ya kuhifadhi taarifa inakaribia kujaa, akanyamaza, kwa kuwa aliyetoa taarifa ndiye angeulizwa kwa nini imejaa. Dada wa huduma kwa wateja alipokea malalamiko ya mawakala, akawa anayajibu mmoja mmoja bila kuyapandisha juu. Mficha uchi hazai, na sisi tulikuwa tumefundishwa kuficha. Septemba tozo zilipopunguzwa kwa asilimia 30 ikabidi hesabu zibadilishwe tena, na hakuna aliyetaka hata kulifungua faili la hesabu hizo. Mabadiliko ya siku moja yakachukua wiki. Aliyeumia zaidi ni wakala ambaye floti yake, ile pesa anayofanyia miamala, ilikwama kutwa nzima. Siku hiyo hakupata kamisheni, na jioni bado alitakiwa kulipa kodi ya fremu. Kila ninapofikiria uongozi mbaya wa ofisi za teknolojia namkumbuka yeye. Hajui hata jina la meneja wetu, na hasira ya meneja huyo ndiyo iliyomlaza bila kitu.

Kwa hiyo ukiwa kwenye usaili, wakikuuliza kama una swali, usiseme huna. Waombe wakusimulie mara ya mwisho mfumo ulipoanguka. Sikiliza majibu yanaanzia wapi. Wakianza na "kuna kijana mmoja alikosea", na hadithi ikaishia kwake, jiandae kuwa kijana huyo siku yako ikifika. Wakianza na kilichotokea kwa wateja, kisha wakaeleza walichobadilisha ili kisirudi, kaa usikilize vizuri. Wakikuambia mfumo wao haujawahi kuanguka, ujue wanaficha, au bado hawana wateja.

Uliza pia nani hupigiwa simu usiku, kwa zamu gani, na kama usiku huo unalipwa. Sheria inaweka saa 45 kwa wiki, na za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, kwa malipo ya angalau mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Kuna mlango mmoja ambao kampuni nyingi hupitia. Wanaosimamia wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawamo kwenye kifungu hicho. Mimi nilipandishwa nikaitwa meneja wa bidhaa, nyumbani tukachinja kuku, na mwezi uliofuata nikaambiwa mameneja hawana ovataimu. Chini yangu hapakuwa na mtu hata mmoja. Cheo cha kwenye kadi hakikutoi kwenye ulinzi wa sheria, kinachotazamwa ni kazi unayoifanya. Ukipewa cheo cha namna hiyo, omba barua inayotaja watu unaowaongoza na unaripoti kwa nani.

Na andika. Ukionya jambo kwa mdomo kwenye korido, jioni litume kwa barua pepe kwa maneno ya heshima: kama tulivyozungumza leo, naona hatari hii, napendekeza hivi. Hutafuti ugomvi. Siku ya lawama, kumbukumbu za watu hubadilika, na barua pepe inabaki na tarehe yake. Ile orodha yangu ya kazi ilikuwa na tarehe. Kosa langu ni kwamba sikuifungua mwenyewe mbele ya kikao.

Nilikaa pale mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya usiku ule, muda mrefu kuliko nilivyopaswa. Nina mdogo wangu niliyekuwa namlipia ada, na siwezi kumwambia mtu mwenye mzigo kama huo aache kazi kesho asubuhi. Ninachoweza kumwambia ni aanze kutafuta akiwa bado analipwa, aweke akiba ya mishahara miwili mitatu, na asiondoke kwa hasira. Akiondoka aombe cheti chake cha utumishi, ni haki yake.

Nilipohamia ofisi nyingine, Kijitonyama, mwezi wa pili tu nikavuruga ripoti za benki moja. Nikampigia kiongozi wetu sauti ikinitetemeka. Akanijibu, "Pole dada. Umekula? Haya, wateja wangapi wameguswa?" Tukarekebisha hadi saa tano usiku. Kesho yake tukakaa watu watano, tukaandika saa kwa saa kilichotokea, na kwenye karatasi yote hapakuwa na jina la mtu. Kila mmoja alitakiwa aseme kitu alichokiona mapema asikiseme, na kilichomzuia kusema. Nilitoka pale nikiwa na kazi tatu za kufanya na bila aibu. Baadaye nikajifunza kwamba si huruma tu, ni utaratibu ambao kampuni kubwa zinaufuata. Mwishoni mwa Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, alifuta kwa makosa kanzidata ya huduma yao inayotumiwa duniani kote. Zikapotea taarifa za takriban saa sita. Kampuni ikaweka kila kitu hadharani, hata kazi ya kurejesha ikarushwa moja kwa moja YouTube, na kwenye maelezo yao mhandisi yule hakutajwa jina. Walipochimba wakakuta kwamba njia tano walizokuwa nazo za kuhifadhi nakala hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Wangemsimamisha kikaoni kama mimi, wangepata jina la mtu na kuziacha njia hizo tano vilevile.

Nimefika sehemu ambayo ni ngumu kwangu kuiandika. Mwaka 2023 nilikabidhiwa timu ya vijana wanne. Nilijiapiza kwamba sitakuwa kama meneja wangu wa kwanza, na nadhani kwa miezi kadhaa sikuwa. Kisha Alhamisi moja jioni orodha nzima ya mawakala ikafutika, mteja akapiga simu akifoka, mkurugenzi akapiga baada yake, na mimi nikashika simu nikaandika kwenye grupu: "Nani kafanya hivi?"

Niliyaona maneno hayo yakiwa yameshatumwa. Tiki zikawa za bluu moja baada ya nyingine, hakuna aliyejibu. Dakika arobaini zikapita. Sikuhitaji kuambiwa kilichokuwa kikiendelea upande wa pili, niliwahi kukaa upande huo. Nikaanza kupiga simu mmoja mmoja. Wa tatu alipokea kwa sauti ya chini sana, nikasikia makondakta nyuma yake. Alikuwa stendi ya Makumbusho, amekaa kwenye benchi na begi la kompyuta mapajani, ameshindwa kupanda gari la kwenda kwao na ameshindwa kurudi ofisini.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, nisamehe kwa nilichoandika. Hata mimi niliwahi kuandikiwa hivyo." Akanyamaza. Nikarudi kwenye grupu lilelile, kwa kuwa ndipo nilipomwaibisha, nikaandika kwamba swali langu lilikuwa baya, kwamba kufuta orodha ya mteja bila mfumo kukuuliza mara mbili ni pengo ambalo nilipaswa kuliziba mimi, na kwamba naomba radhi kwa wote. Kisha nikampigia tena kumuuliza kama amekula.

Ndipo akaniambia kwamba asubuhi, kabla hajaanza kazi, alikuwa ametoa nakala ya orodha yote na kuihifadhi kwenye kompyuta yake. Alikuwa nayo mapajani muda wote ule. Alirudi ofisini kwa bodaboda, na kabla ya saa tatu usiku mawakala walikuwa wameanza kuingia tena.